Kapembwa na Batri Mbili za Mugiriki

Mwaka 1958, mtu akifika Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, na batri iliyokufa alielekezwa kwa Kapembwa. Hakuhitaji kuuliza mara mbili ni yupi. Mashati yote ya Kapembwa yalikuwa na matundu madogo tumboni, pale asidi ilipomrukia, na mke wake Felistus alikuwa amekwisha kuacha kuyashona.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, asiyependa kuharakishwa. Miaka kumi na miwili alifanya kazi Katanga, katika chumba cha taa cha mgodi wa shaba. Wachimbaji wakitoka chini walivua taa zao pamoja na batri za kiunoni wakampa, naye alizipanga kwenye rafu zikatiwa umeme mpaka zamu nyingine. Huko alikipata Kiswahili chake, na huko alijifunza kwamba batri haijulikani kwa kuitazama nje. Unafungua vifuniko. Unaangalia kama maji yamezifunika sahani za risasi zilizo ndani. Yakipungua unaongeza maji ya mvuke, si ya ziwani. Kisha unavuta asidi kidogo kwenye kipimo cha kioo chenye kijiti kinachoelea: kijiti kikipanda batri imeshiba, kikizama ina njaa.

Asubuhi moja ya mwaka 1951 mstari wa wachimbaji ulikuwa mrefu na msimamizi alikuwa anapiga kelele. Ilifika zamu ya Fanwell, mtu wa kwao, wa Kafutuma. Kapembwa aliiwasha taa yake akaona mwanga ni wa njano kidogo. Alitaka kuibadilisha. Msimamizi akasema mpe, watu wanangoja, naye akampa. Mchana ule taa ilizimika chini ya ardhi, Fanwell akatembea gizani akaanguka katika shimo la kutupia mawe. Wakubwa waliandika kwamba batri ilikuwa imezeeka na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Kapembwa ndiye aliyeipeleka mizigo ya marehemu kwa mama yake. Alikaa Kafutuma siku tatu, akashindwa kusema habari ya ule mwanga wa njano. Hakurudi mgodini tena.

Mwaka mzima alivua samaki, na vibaya. Halafu Bwana Manoli, Mugiriki mwenye nyumba ya barafu pale Nchelenge, aliyenunua samaki kwa wavuvi wa kisiwa cha Chisenga na wa pwani yote, alikuja kumtafuta. Alikuwa na injini ya kuzalisha umeme, malori mawili, na batri zilizokuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Kapembwa alikataa. Mugiriki akarudi. Mara ya tatu Felistus alimwambia mume wake kwamba samaki wa ziwa lile wamekwisha kumzoea na hawamwogopi. Akaenda.

Bwana Manoli hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mashua ndogo. Aliijenga mwenyewe kwa mbao nyembamba, ndefu kama mkono wa mtu mzima, mota yake imetolewa kwenye kifuta-kioo cha lori. Iliongozwa kwa redio. Mugiriki alisimama ufukweni na kisanduku chenye waya mrefu, akabonyeza kitufe, nayo mashua ikageuka kule majini bila kushikwa na mtu. Ziwa la Mweru lina mawimbi, kwa hiyo Jumapili nyingi walipanda lori wakaenda Mofwe, ambako maji yametulia kati ya mafunjo, na watu waliotoka kanisani walikuja kutazama.

Kuchunga batri ya mashua ile ilikuwa kazi ya Kapembwa. Ya kwanza ilikuwa batri ya pikipiki, ya risasi na asidi, yenye vyumba vitatu. Ilikuwa nzito, lakini mashua ilijengwa kwa uzito wake. Halafu ndugu wa Mugiriki aliyekaa Uingereza alimtumia batri ya aina mpya, ndogo kama kitabu cha nyimbo, yenye madini ya fedha ndani. Haikutumia asidi bali maji mengine makali, yenye utelezi kama sabuni. Siku walipoitia kwenye mashua, mashua iliruka kama samaki aliyenasa kwenye ndoana. Kwa kuwa batri hii ilikuwa nyepesi mno, mashua ilianza kuyumba, na Mugiriki akajaza vipande vya risasi vya nyavu chini yake ili itulie. Akamwambia Kapembwa ile nzee aitupe.

Kapembwa hakuipenda batri ya fedha, na sababu haikuwa upya wake. Batri ya risasi ikichoka unaiona inachoka. Hii ilitoa nguvu ileile tangu mwanzo, mita ya umeme ikasoma namba ileile, mpaka dakika ya mwisho, kisha ikafa yote kwa mara moja. Alimweleza Mugiriki. Mugiriki alicheka, akasema watu wa mgodini wanapenda kubeba mawe.

Kwa hiyo Kapembwa aliichukua ile nzee mpaka nyumbani. Kila Ijumaa ya pili aliileta kwenye injini ya barafu, akaitia umeme polepole usiku kucha, akafuta chumvi nyeupe kwenye vichwa vyake na kuvipaka mafuta. Chumba cha tatu kilikuwa kigonjwa. Wakati vingine viwili vilipanda kwenye kipimo mpaka 1260, namba ya batri iliyoshiba, chenyewe kilifika 1220 kikagoma. Binti yake Ennie alimuuliza kwa nini anakilisha kitu kisicho na kazi. Alijibu kwamba batri ikilala na njaa haiamki tena.

Jumapili moja ya mwezi wa saba walikwenda Mofwe. Kapembwa alikuwa ameiweka batri nzee chini ya kiti cha lori bila kumwambia mtu. Mugiriki aliichezesha mashua karibu dakika ishirini, watu wakishangilia, akaiita irudi. Ilipogusa mchanga ndipo waliposikia ukelele kutoka kwenye mafunjo.

Davison na mke wake Rosaria walikuwa wanarudi kutoka kuangalia mitego yao. Mtumbwi wao ulipita kati ya kiboko jike na mtoto wake. Kiboko aliuinua mtumbwi na kuupasua, akamuuma Davison pajani. Rosaria alimkamata mume wake kwapani akaogelea naye mpaka kwenye kipande cha mafunjo kinachoelea, kipana kama sakafu ya nyumba ndogo, akamvuta juu. Walikuwa hatua mia mbili kutoka ufukweni. Rosaria alifungua kitenge chake akakikaza juu ya jeraha. Kila alipopiga magoti, maji yalipanda kupitia mizizi.

Mvuvi mmoja mzee, Kingsley, alichukua mtumbwi pamoja na mwenzake wakaenda. Hawakufika nusu. Mgongo wa kiboko ulitokea chini yao, mtumbwi ukageuka, wakarudi kwa kuogelea, Kingsley akitapika maji. Baada ya hapo hakuna aliyeusukuma mtumbwi mwingine. Mugiriki alikuwa na bunduki ya ndege tu. Askari wa wanyama mwenye bunduki kubwa alikuwa mbali, mjini Kawambwa. Na upepo mdogo ulikuwa unaanza kulisukuma lile tandiko la mafunjo kuelekea mkondoni, pale ambapo kiboko alikuwa anazama na kuibuka.

Rosaria alipaza sauti kwamba damu haikatiki.

Kapembwa aliitazama mashua ndogo. Nyuma ya lori palikuwa na mabunda ya uzi wa nailoni, mwembamba na mnene, na kamba za kuvutia nyavu kubwa.

“Bwana,” alisema, “ile mashua inaweza kupeleka uzi. Nyuma ya uzi tunafunga kamba. Tunavuta mafunjo yote na watu juu.”

Mugiriki alimwelewa kabla hajamaliza. Alikuwa tayari amelishika bunda. Kapembwa akamwambia tena, kwa sauti ya chini, kwamba batri ya fedha imekwisha kufanya kazi dakika ishirini na hakuna anayejua imebaki na nini ndani. Ile ya zamani iko mu kamyo, chini ya kiti, imeshiba. Mugiriki alisema ile ni nzito, haiwezi kukimbia na uzi, na hapa panatakiwa nguvu. Aligusisha mita kwenye batri ya fedha. Namba ilikuwa nzuri.

Kapembwa alikuwa amesema neno lake na muzungu alikuwa amejibu. Alifunga uzi nyuma ya mashua, akaushika ili autoe kwa vidole, na mashua ikaondoka kwa kasi.

Ilikata maji vizuri. Mugiriki aliizungusha mbali na kiboko, kwa upande wa kushoto, njia ndefu. Hatua hamsini, mia, mia na thelathini. Uzi ulikuwa unavuta kwa nguvu kati ya vidole vya Kapembwa, kisha haukuvuta. Haikuwa polepole. Mashua ilisimama pale pale kama kitu kilichogonga ukuta, ikaanza kugeuka na upepo.

Mugiriki alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena na tena. Rosaria, ambaye alikuwa amenyoosha mikono, aliishusha.

Kapembwa alianza kuuvuta uzi kuirudisha mashua, mkono juu ya mkono. Ilichukua muda ambao watu wa Mofwe waliusimulia baadaye kama saa nzima. Tandiko la mafunjo lilikuwa limekatika upande mmoja. Kipande kikubwa kama mlango kilijitenga kikaenda zake. Davison alikuwa amelala chali na hakuwa anajibu tena akiitwa. Kapembwa alivuta, na kichwani mwake alikuwa kwenye chumba cha taa, mbele ya mstari mrefu, na msimamizi anasema mpe.

Mashua ilipofika Mugiriki aliinama kuangalia nyaya za batri ya fedha. Kapembwa aliuweka mkono wake juu ya mashua.

“Hapana, Bwana. Sasa batri ninachagua mimi.”

Alisema mbele ya watu wote. Mugiriki alimtazama, uso umemjaa jasho, akarudi hatua moja nyuma.

Kapembwa alikimbia kwenye lori akarudi na batri ya pikipiki. Kwanza alivitoa vile vipande vyote vya risasi vilivyokuwa chini ya mashua akavitupa mchangani, maana uzito wa batri hii ungefanya kazi yao. Halafu, badala ya kufunga nyaya, alifungua vifuniko vitatu akatoa kipimo chake cha kioo mfukoni.

Kingsley, maji bado yakimtiririka, alimwambia kwamba watu wanakufa kule na yeye anacheza na chupa. Wengine pia walianza kunung'unika. Kapembwa hakuinua kichwa. Alipima chumba cha kwanza: 1260. Cha pili: 1250. Cha tatu: 1190. Alikipima cha tatu mara ya pili, na kijiti kikasimama palepale.

“Itafika?” Mugiriki aliuliza.

“Itafika kama inaenda mustari moja. Ukiizungusha kama mara ya kwanza, haifiki.”

Mstari mmoja ulipita mbele ya kiboko. Wote wawili waliliona hilo. Mugiriki aliinua kisanduku, akafanya ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, akasema twende.

Mashua iliondoka, safari hii chini zaidi majini na kwa mwendo mdogo, kama mtu anayetembea na mzigo kichwani. Kapembwa aliuachia uzi ukipita juu ya kidole chake cha shahada. Kupitia uzi ule aliisikia mota yote. Ilivuta sawasawa. Hatua mia. Kiboko mdogo aliibuka upande wa kulia, masikio yakitikisika, na mara nyuma yake pakaibuka kichwa cha mama.

Kidole cha Mugiriki kilienda kwenye kitufe.

“Usibonyeze,” Kapembwa alisema. “Acha iende.”

Mugiriki aliuondoa mkono wake wote kwenye kisanduku, kana kwamba hawezi kuuamini. Mashua ilipita karibu na pua ya yule mama kiasi kwamba watu hawakuona maji kati yao. Alifungua kinywa, akakishusha kwa kishindo. Wimbi liliifunika mashua ikalala ubavu, tumbo lake jeupe likaonekana. Mwanamke mmoja nyuma ya Kapembwa alianza kuomba kwa sauti. Halafu ile batri nzito ilivuta tumbo la mashua likarudi chini, nayo ikasimama tena, ikamwaga maji pande zote, ikaendelea. Kiboko aliiangalia ikienda. Alipuliza pumzi, akazama na mtoto wake.

Sasa zilibaki hatua arobaini, na Kapembwa alisikia kidoleni kile alichokuwa anakingoja. Uzi ulilegea kidogo, ukakaza, ukalegea tena. Chumba cha tatu kilikuwa kinaisha. Hakumwambia mtu. Alianza kuutupa uzi mbele kwa mikono yote miwili ili mashua isivute hata uzito wa uzi wenyewe, akaingia majini mpaka magotini, kisha kiunoni, watu wakimwita arudi. Hatua ishirini. Kumi. Mota ilikuwa inavuta kama mtu anayepumua usingizini. Hatua nne au tano kabla ya mafunjo, ilikoma.

Mashua ilikwenda bado kidogo kwa mwendo wake wa mwisho, ikasimama.

Rosaria alilala kifudifudi. Mafunjo yalizama chini yake mpaka maji yakamfika kidevuni. Aliushika ukingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanyoosha kasia, kitu pekee alichookoa kwenye mtumbwi. Ncha ya kasia iligusa mashua ikaisukuma mbali. Alingoja. Upepo uliirudisha mashua kwa kiasi cha shubiri moja, naye akalipitisha bapa la kasia juu ya uzi, akalizungusha mara mbili, akavuta.

Kapembwa alitoka majini akafunga uzi mnene kwenye mwembamba, na kamba kwenye uzi mnene. Rosaria alivuta vyote mpaka kamba ikamfikia. Kingsley alimwelekeza kwa sauti kutoka ufukweni: aiingize kamba chini ya mizizi, aifunge katikati ya kasia, na kasia lilale chini ya mizizi, likiizuia kamba isichomoke. Alifanya hivyo, mikono yake yote ikiwa ndani ya maji meusi. Watu thelathini waliishika kamba upande wa pili, na Kingsley akawakataza kuvuta kwa nguvu. Mafunjo yakichanika, alisema, tumewaua sisi. Walivuta kwa kurudi nyuma hatua ndogo ndogo. Tandiko lilisogea. Nusu ya nyuma ilikatika ikabaki, na Rosaria akauburuta mwili wa mume wake mbele kwa mara nyingine. Kiboko aliibuka mbali, mkondoni, akabaki huko.

Tandiko lilipogusa mchanga, Davison alikuwa hai. Walimlaza ndani ya lori juu ya magunia, wakampeleka hospitali ya misheni, Kapembwa akiubana mguu kwa mikono miwili njia nzima, Rosaria akikishika kichwa. Wauguzi walipomchukua, Mugiriki alikaa kwenye ngazi ya nje, Kapembwa akakaa ngazi ya chini yake.

“Kwa nini hukunikataza ile mara ya kwanza?” Mugiriki aliuliza.

“Nilikwambia, Bwana. Lakini nilikwambia mara moja tu.”

Mugiriki alitikisa kichwa polepole. Baadaye aliingia ndani kuuliza habari za mgonjwa, akarudi na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja.

Davison alikaa hospitalini miezi miwili akatoka na mguu usiokunjika. Kingsley alimchongea mtumbwi mpya, lakini aliyeutumia ni Rosaria. Yeye ndiye aliyekuwa anaenda kwenye mitego, na mume wake alishona nyavu nyumbani. Rosaria alipofika Nchelenge kuuza samaki alipita kwa Felistus, wakakaa jikoni wakizungumza Kibemba mpaka jioni. Kuhusu siku ile hakuzungumza sana. Aliwahi kusema tu kwamba mashua ilipolala ubavu alifumba macho, akahesabu mpaka tano, akayafungua.

Batri zote mbili hazikupona. Ile ya fedha ilikuwa imenyonywa mpaka mwisho, na ilipotiwa umeme ilivimba ubavuni. Ile ya risasi Kapembwa aliihangaikia wiki mbili. Aliitia umeme kidogo kidogo, akaipumzisha, akaitia tena. Chumba cha tatu kilichemka tu na kijiti hakikupanda. Mwishowe aliimwaga asidi, akaisuuza, akaiweka kando.

Mwezi wa kumi Mugiriki alimwambia apande lori, wanavuka kwenda Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, kununua batri nyingine ya mashua, na mchaguaji ni yeye. Mwenye duka aliwawekea mezani moja iliyong'aa, imejazwa tayari. Kapembwa aliuliza ilijazwa lini. Mwenye duka hakukumbuka. Kapembwa aliomba kuona nyingine, akafungua vifuniko, akanusa, akamulika sahani za ndani kwa tochi, asubuhi nzima, mpaka mwenye duka akamlalamikia Mugiriki kwa Kifaransa. Mugiriki alivuta kiti akakaa. Karibu na saa sita Kapembwa aliikuta moja katika sanduku la chini, kavu, bado imezibwa kwa nta, ambayo haijawahi kuonja asidi na kwa hiyo haijaanza kuzeeka. Akasema ni hii.

Njiani hakukubali iwekwe sakafuni kwa sababu ya mashimo ya barabara. Walipofika Kasenga jua lilikuwa bado kali. Walivuka mto Luapula kwa boti, Kapembwa amekaa na batri mapajani, na Mugiriki kando yake ameikumbatia chupa ya asidi ya kuijazia kwa mikono miwili, akiangalia isiyumbe.